Kikombe kimoja cha unga ni gramu ngapi? Namna ya kuhamisha mapishi ya vikombe kwenda kwenye mizani

Jibu la haraka: kati ya gramu 115 na 155. Ukiona pana pengo kubwa, hujakosea. Kikombe hupima nafasi na mizani hupima uzito, na unga ni kitu kinachobeba hewa nyingi. Ukichota kwa kukandamiza kwenye ukuta wa ndoo, kikombe kinabeba unga mwingi. Ukiuchekecha kwanza kisha ukaunyunyiza kikombeni kwa kijiko, kinabeba mdogo. Kikombe ni kilekile na unga ni uleule, lakini mahamri ya leo yanavimba kama puto na ya kesho yanatafunwa kwa taya zote mbili.

Kikombe chenyewe nacho kina mambo yake. Cha Marekani ni mililita 237, ambazo kwenye lebo za vyakula vyao huhesabiwa 240. Australia na Kanada hutumia 250. Cha Japani ni 200, na kile cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi la jiko la umeme la kupikia wali huwa 180. Kikombe cha chai cha kabatini kwako hakina sheria yoyote: nimeona vya 170 na nimeona magi za 350. Kwa hiyo mtu akikuandikia "unga vikombe vinne" bila kusema kikombe gani, amekupa nusu ya habari.

Ndiyo maana sishauri uanze na majedwali ya mtandaoni. Yana kazi yake, na langu liko hapo chini, lakini anza na kikombe kilichopika chakula unachokitaka. Kama mapishi ni ya shangazi, nenda kwa shangazi ukamwombe kikombe chake.

Hatua ya 1: Ijue mizani yako

Mizani ndogo ya betri, inayobeba kilo 5 na kusoma gramu mojamoja, inatosha kwa karibu kila kitu cha nyumbani. Iweke juu ya sehemu ngumu iliyo sawa. Ukiiweka juu ya kitambaa cha meza kilichokunjamana au meza inayoyumba, itakudanganya. Ile ya mshale na sahani inafaa kwa unga na sukari ya kilo kilo, lakini usiitegemee kwa hamira.

Kuijaribu ni rahisi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa na uiweke juu. Maji ni gramu 500, na chupa tupu pamoja na kifuniko chake ni gramu kumi hadi ishirini hivi. Ukisoma 510 au 520, endelea. Ukisoma 470, badilisha betri kwanza, kisha jaribu tena kabla ya kulaumu mizani.

Jifunze na kile kitufe cha kurudisha sifuri, mara nyingi kimeandikwa TARE. Unaweka bakuli tupu, unabonyeza, inasoma 0. Unatia unga, unasoma, unabonyeza tena, unatia sukari. Bakuli moja linapokea kila kitu na huchafui vikombe vitano. Kwangu mimi, hata kama usahihi haukuvutii, hilo la vyombo peke yake linatosha kukufanya ununue mizani.

Hatua ya 2: Kipime kikombe kwa maji

Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Joto la Dar au Mombasa linabadilisha hesabu hiyo kidogo sana, haifiki hata gramu moja kwa kikombe, liache. Weka kikombe kitupu juu ya mizani, rudisha sifuri, jaza maji mpaka ukingoni, soma. Ikisema 220, kikombe chako ni cha mililita 220.

Hapa pana jambo ambalo watu hulipita. Anayepima kwa kikombe cha chai hakijazi kwa namna moja. Unga anaujaza mpaka ukingoni na kuufuta juu. Maziwa anayaachia nafasi ya kidole yasimwagike. Basi kikombe hicho kina ujazo wa aina mbili, labda 220 kwa vitu vikavu na 190 kwa vya maji. Mtazame mwenye mapishi anavyofanya, au muulize, kisha pima vyote viwili na uandike.

Vijiko pia vipitishe hapo. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5 na cha chakula ni 15 (Australia wana cha 20). Vijiko vya kulia vya nyumbani havifuati hilo. Vingine vya chakula vinabeba 10 tu.

Hatua ya 3: Pima kitu chenyewe, kwa mkono wa mwenye mapishi

Sasa kausha kikombe vizuri, rudisha sifuri, na upime unga kwa namna ileile aliyoitumia aliyeandika. Kama huwa anachota moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, chota. Kama huwa anachekecha kwanza, chekecha. Futa juu kwa mgongo wa kisu bila kugongagonga kikombe mezani, maana kila ukigonga unga unashuka na nafasi ya zaidi inapatikana. Soma, mwaga, rudia. Fanya mara tatu, jumlisha, gawa kwa tatu.

Unga ndio unaohitaji subira hii. Sukari haibadiliki sana hata ukiichota vibaya, na mafuta na maziwa havina hewa ya kuficha. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi ni mtihani mwingine: ikiwa imemwagwa tu kikombeni ni nyepesi sana, lakini mpishi mwenye mkono mzito akiikandamiza inakaribia mara mbili.

Hatua ya 4: Hesabu, pale usipoweza kupima

Kuna siku kikombe cha asili hakipo: mapishi yametoka kwa mtu wa mbali, au aliyeyaandika ameshatangulia mbele ya haki. Hapo ndipo orodha inasaidia. Namba hizi ni gramu kwa kila mililita 100:

- Maji: 100
- Maziwa: 103
- Tui zito la nazi: kama 98
- Mafuta ya kupikia: 92
- Samli iliyoyeyushwa: 91
- Siagi au majarini: 95
- Asali: 142
- Sukari ya kawaida: 85
- Sukari ya unga, ya kupambia keki: 50
- Unga wa ngano ulionyunyizwa kwa kijiko: 53
- Unga wa ngano uliochotwa kwa kikombe: 62
- Unga wa sembe: kama 60
- Semolina: 70
- Mchele mkavu: 80
- Maharage makavu: 78
- Choroko: 87
- Karanga nzima: 62
- Kakao: 36
- Nazi mbichi iliyokunwa, haijakandamizwa: 34
- Chumvi laini: 120

Hesabu yake: gawa ujazo wa kikombe kwa 100, zidisha kwa namba ya kitu chako. Kikombe cha 220 cha sukari ni 2.2 mara 85, yaani gramu 187. Cha asali ni 2.2 mara 142, gramu 312. Kwa unga, sembe na nazi zichukue namba hizi kama makadirio ya kuanzia. Kwa vitu vya majimaji unaweza kuziamini.

Mayai hayamo kwenye orodha kwa sababu hayapimwi kwa kikombe, ila mapishi mengi huandika "mayai matatu" na kuacha hapo. Yai la kawaida la dukani, bila ganda, ni karibu gramu 50. La kienyeji huwa dogo zaidi. Ukibadilisha moja kwa jingine kwenye keki, pasua, koroga, pima.

Hatua ya 5: Mfano mzima, mahamri

Tuchukue daftari la nyumbani linalosema hivi: unga wa ngano vikombe 4, sukari nusu kikombe, tui zito kikombe kimoja na robo, samli vijiko 2 vya chakula, hamira kijiko 1 cha chakula, iliki kijiko 1 cha chai. Kikombe tumekipima, ni 220, na mwenyewe hukijaza mpaka ukingoni kwa kila kitu. Unga huunyunyiza kwa kijiko.

Unga: 2.2 mara 53 ni karibu 117, mara vikombe vinne inakuja 466 ukihesabu na desimali zake. Sukari: nusu ya 187, andika 94. Tui: mililita 275, yaani gramu 270. Samli: mililita 30, gramu 27. Hamira ya chenga: gramu 9. Iliki iliyosagwa: gramu 2. Jumla ya donge lote ni gramu 868.

Sasa tuseme binti wa nyumba hiyo anapika kwa daftari lilelile, lakini anachota unga badala ya kuunyunyiza. Vikombe vyake vinne vina gramu 546. Ameongeza gramu 80 za unga na hajui, tui ni lilelile, na donge linakuwa kavu. Ataambiwa hajakanda vya kutosha, au hamira imekufa. Hamira haina kosa.

Ukishapata gramu, fanya kitu kimoja zaidi ambacho vikombe haviwezi kukufanyia: geuza kila kitu kiwe kwa kilo moja ya unga. Gawa 1,000 kwa 466, unapata 2.146, kisha zidisha kila namba kwa hiyo. Sukari inakuwa 202, weka 200. Tui 579, weka 580. Samli 58, weka 60. Hamira 19, weka 20. Iliki 4. Mahamri yako yamekuwa mstari mmoja: unga kilo 1, sukari 200, tui 580, samli 60, hamira 20, iliki 4. Waoka mikate huandika hivi duniani kote, unga ukiwa mia na vingine vikiufuata kwa asilimia: sukari 20, tui 58, samli 6, hamira 2. Ukiwa na pakiti ya kilo mbili unazidisha kwa mbili; ukiwa na gramu 700 zilizobaki chini ya ndoo, unazidisha kwa 0.7.

Anayeuza mahamri asome hapa kwa makini. Donge la gramu 868 ukiligawa mara nane, kila kimoja kikiwa kama gramu 108, ukasukuma na kukata vinne, unapata mahamri 32 ya gramu 27 kila moja. Kwa kilo ya unga, donge zima ni gramu 1,864, yaani mahamri 69 ya ukubwa huohuo. Kuanzia hapo unajua kila hamri limekula unga wa shilingi ngapi na tui la shilingi ngapi, na mteja hakuti moja kubwa na jingine dogo kwenye sahani moja.

Tahadhari moja kuhusu tui. Daftari zetu nyingi huandika "tui mpaka unga ushikane", na wana sababu: unga wa kiwanda kimoja hunywa zaidi kuliko wa kingine, na tui la nazi changa si la nazi kavu. Pima zile gramu 580, lakini zuia kama 50 kwenye kikombe pembeni na uziongeze kidogo kidogo kwa kadiri donge linavyotaka. Mizani inakufikisha karibu sana, pale mwisho mkono unamalizia.

Hatua ya 6: Vitu vya kijiko

Mizani inayosoma gramu mojamoja haifai kupimia gramu 2 za iliki. Ikisema 2, huenda ni moja na nusu, huenda ni mbili na nusu. Ubaya mwingine: ukiwa na bakuli zito juu yake na ukinyunyiza chumvi polepole, mizani nyingi hazisogei kabisa, zinasubiri mpaka uzito uongezeke kwa ghafla. Unaongeza, unaongeza, na chakula kimeshaharibika kwa chumvi.

Dawa yake ni kupima vijiko kumi kwa pamoja kwenye kibakuli kidogo chepesi, ukagawa kwa kumi. Kwa kijiko cha chai cha mililita 5 kilichofutwa juu, tegemea chumvi laini gramu 6, hamira ya chenga gramu 3, beking pauda gramu 4, iliki ya unga gramu 2. Chumvi ya mawe huwa nyepesi kwa kijiko kwa sababu chenga zake kubwa zinaacha nafasi katikati, basi ukibadilisha chumvi usibebe kijiko kilekile, beba gramu zilezile.

Kwa mapishi ya familia sioni ubaya kuandika unga na tui kwa gramu na kuacha iliki kwa kijiko. Ukianza kupika kwa kilo tano za unga, hapo hamira na chumvi zimekuwa nzito kiasi cha kupimika, zipime.

Mtego wa wali

Hapa ndipo wengi wanaohama kwenda mizani huanguka. Tumezoea kusema mchele kikombe kimoja, maji vikombe viwili. Uwiano huo ni wa ujazo. Mtu anaingia kwenye mizani, anapima mchele kilo moja, anatia maji kilo mbili, na wali unaweza kutoka na kiini kigumu katikati.

Fanya hesabu. Kikombe cha mililita 200 cha mchele ni gramu 160. Vikombe viwili vya maji ni gramu 400. Ukigawa 400 kwa 160 unapata 2.5, si 2. Kwa kilo ya mchele, ule uwiano wa "mara mbili" unataka maji lita mbili na nusu. Aliyetia lita mbili amepunguza moja ya tano ya maji bila kukusudia.

Lakini usiibebe 2.5 mpaka kwenye sufuria la harusi. Chungu kikubwa kilichofunikwa vizuri, na makaa juu ya mfuniko, hakipotezi mvuke kwa kadiri ileile na sufuria ndogo ya jiko la gesi, kwa hiyo kila mchele unapoongezeka, maji kwa kila kilo yanapungua kidogo. Mchele mpya nao unataka maji machache kuliko uliokaa. Anza chini ya hesabu na uweke birika la maji ya moto karibu.

Kwa vitumbua na mkate wa kumimina, pima mchele kabla ya kuuloweka. Ukilala ndani ya maji usiku kucha unavuta na kuongezeka uzito kwa karibu robo au zaidi, na ukiupima asubuhi, hujui tena kiasi gani ni mchele na kiasi gani ni maji.

Sokoni: kopo, kibaba, gorogoro

Tofauti ya ujazo na uzito haiishii jikoni. Dukani nafaka huuzwa kwa kilo, sokoni kwa kopo, kisado au gorogoro. Kopo lililokuja na kilo mbili za mafuta ya kupikia halibebi kilo mbili za kila kitu. Mahindi, maharage na choroko kila kimoja kina uzito wake, na juu ya hapo kuna kile kilima ambacho muuzaji anakijenga au anakifuta kwa kiganja.

Wazee wa pwani walipima kwa kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Waislamu bado wanakutana na hesabu hii kila mwisho wa Ramadhani, maana zaka ya fitri asili yake ni kipimo cha ujazo, pishi ya chakula, na siku hizi hutangazwa kwa kilo. Ukisikia msikiti mmoja unasema kilo mbili na nusu na mwingine unasema tatu, sehemu ya sababu ni hiyo: pishi ileile ikijazwa mchele, ngano au tende haitoi uzito mmoja. Wengi huchukua ya juu kwa tahadhari.

Kwa mfuko wako, fanya hivi mara moja tu kwa kila muuzaji unayemzoea. Nunua kopo moja la maharage, lifikishe nyumbani, lipime. Tuseme umelipa shilingi 2,400 na mizani inasoma gramu 750. Gawa 2,400 kwa 0.75, unapata 3,200 kwa kilo. Kama duka la jirani linauza kilo kwa 3,000, la sokoni ni ghali ingawa bei yake inaonekana ndogo. Kama duka linauza kwa 3,600, rudi sokoni. Andika uzito wa kopo hilo nyuma ya mlango wa kabati, chini ya ujazo wa kikombe chako, na siku muuzaji akibadilisha kopo, pima upya.